Sabtaito, sauti za Kiswahili au muvi ya DJ? Ulinganisho kwa anayechagua kwa masikio

Jumapili usiku nyumbani kwetu ugomvi ni mmoja tu. Mama anataka ile inayosema Kiswahili. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye anayajua majina ya madijei kuliko anavyoyajua majina ya shangazi zake, anataka ya kutafsiriwa, ile ambayo DJ mmoja anaisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu. Mimi nataka waigizaji waachwe waseme lugha yao, maandishi yapite chini. "Mwanangu," mama huniambia, "mimi nimekaa kutazama picha, sikukaa kusoma risala." Na kwa kuwa rimoti iko mapajani mwake, kesi huishia hapo.

Kwa miaka mingi nilidhani tunagombea lugha. Siku hizi naona tunagombea sauti. Kila njia kati ya hizo tatu inaufanyia muziki wa filamu jambo lake, na ukimya jambo lake, na vile visauti vya nyayo, mlango na pumzi vinavyokusimamisha nywele kabla hujaona chochote. Watu wakiulizana ushauri huulizana ipi inaeleweka zaidi. Mimi nauliza ipi inakuachia nini masikioni.

Filamu iliyonifumbua ni Jaws ya mwaka 1975, ile ya papa. John Williams aliitungia noti mbili tu zinazorudiwa, kwanza taratibu, kisha mbio, na hizo ndizo zinazokwambia papa yu karibu. Papa mwenyewe kwa sehemu kubwa ya filamu humwoni, unamsikia. Kuna mahali pezi linaibuka majini, watu wanakanyagana kutoka ufukweni, na muziki haupo kabisa. Kumbe ni watoto wawili wanafanya mzaha na pezi la kadibodi. Mwenye masikio alishapewa siri mapema: pasipo zile noti, papa hayupo. Mimi niliiona mara ya kwanza kibanda umiza, banda la mtaani la kuonyeshea filamu, mtafsiri akiwa juu ya sauti tangu mwanzo hadi mwisho, na pale pale kwenye mzaha akatupigia ukelele kwamba ndiye huyo kaja! Banda zima lilipiga mayowe. Siri ile niliipata ukubwani, nikiwa peke yangu na hedifoni. Ukiniuliza ipi ilikuwa raha zaidi kati ya mara hizo mbili, sina jibu.

VIGEZO KWANZA

Sauti ya filamu husukwa kwa nyuzi tatu: maneno ya waigizaji, muziki, na sauti za vitu, kuanzia bomu hadi kijiko kinachogonga kikombe. Mafundi huzirekodi mbalimbali, kisha hukaa kuamua ni wapi uzi upi upande na upi ushuke. Uamuzi huo una nguvu kuliko tunavyoupa sifa. Alfred Hitchcock alitaka mauaji ya bafuni katika Psycho, mwaka 1960, yapite bila muziki. Bernard Herrmann akayaandikia fidla zinazopiga kelele kama ndege aliyeshikwa, Hitchcock akazisikia, akabadili msimamo. Leo mtu akitaka kukumbusha mwenzake tukio lile hainui kisu, anaiga fidla.

Basi nitaipima kila njia kwa mambo matano yale yale. Muziki unabaki ulivyopangwa, au unafinywa? Sauti za watu ni za nani, na zinabeba hisia? Ukimya na visauti vidogo vinasalimika? Macho yako yako huru? Na chumba chako pamoja na spika zako, vinairuhusu njia hiyo ifanye kazi yake?

Kabla hatujaenda mbali, neno "asilia" tusilipe utukufu lisilostahili. Filamu nyingi za kung fu za Hong Kong miaka ya 1970 zilipigwa picha bila kurekodi maneno. Sauti ziliingizwa baadaye studio, mara nyingi na watu wengine kabisa. Sergio Leone wa Italia naye vivyo hivyo: katika The Good, the Bad and the Ugly ya 1966 Clint Eastwood alisema Kiingereza huku baadhi ya waigizaji wakimjibu Kiitaliano, halafu wote wakaingiziwa sauti upya. Na nyimbo za filamu za Kihindi tangu zamani huimbwa na waimbaji wasioonekana, mwigizaji akichezesha midomo. Lata Mangeshkar aliwaimbia waigizaji wa vizazi kadhaa. Kwa hiyo anayekataa kung fu ya zamani kwa Kiswahili, eti anataka sauti halisi ya steringi, huenda anatafuta kitu ambacho hakijawahi kuwepo.

SAUTI ASILIA, MAANDISHI CHINI

Muziki. Hapa unaupata wote, bila kupunguzwa. Mtunzi akitaka ngoma ianze nusu sekunde kabla ya risasi, itaanza nusu sekunde kabla ya risasi. Na muziki ukiachwa mzima unaweza kumbeba mtazamaji mbali kuliko tunavyodhani. Wazee wa Unguja na Dar es Salaam watakueleza jinsi majumba ya sinema yalivyofurika kwa filamu za Kihindi, ilhali waliojua Kihindi ndani ya ukumbi walikuwa wachache. Nyimbo ziliwaambia nani kapenda, nani kasalitiwa. Tuni zake zikatoka ukumbini, zikavishwa maneno ya Kiswahili, zikaingia kwenye taarabu. Sina hakika kama zingeingia endapo mtu angekuwa anazungumza juu yake muda wote.

Sauti za watu. Unamsikia aliyeigiza, na koo lake. Kikorea sikijui hata salamu, lakini nasikia mtu anapomeza mate kabla ya kudanganya. Kuna uigizaji ambao wote uko kwenye pumzi, na hakuna mfasiri awezaye kuuandika.

Ukimya na visauti vidogo. Ushindi wa wazi kwa njia hii, kwa sababu maandishi hayapigi kelele. A Quiet Place ya 2018 ni ya familia inayoishi kimyakimya kwa kuwa viumbe wanaowawinda wanasikia kila kitu. Wanaongea kwa ishara za mikono, na hata mtazamaji Mwingereza husoma maandishi. Humo msumari kwenye ngazi una sauti kubwa kuliko bunduki za filamu nyingine. Weka neno lolote juu ya ukimya ule na filamu imekwisha.

Macho. Hapa ndipo unapolipa. Jicho linashuka kusoma, uso wa mwigizaji unapita. Na kuna hasara isiyotajwa sana: maandishi huwa yanatangulia. Daktari anavuta pumzi, ananyamaza kabla ya kumwambia mama hali ya mtoto, na wewe umeshasoma jibu. Ule mnyamazo uliopangwa ukuume unapita bila kukugusa. Halafu Kiswahili chenyewe mara nyingi hakipo kwenye orodha ya lugha. Unasikia Kikorea, unasoma Kiingereza, unafikiri kwa Kiswahili. Kichwa kinachoka dakika ya arobaini. Kwa upande mwingine, kwa mtu asiyesikia vizuri maandishi yale yanayotaja hadi sauti, mlango unagongwa, muziki wa huzuni, ndiyo njia pekee kati ya hizi tatu inayompa walau habari ya kile wengine wanachosikia.

Chumba na spika. Inataka utulivu, au hedifoni. Ila ina msamaha mmoja mkubwa. Filamu nyingi huchanganywa kwa spika nyingi, maneno yakiwekwa katika spika ya katikati. Zikifika kwenye TV yenye spika mbili nyembamba zinazoelekea ukutani, maneno huzama na muziki unapaa. Kila mtu anaijua ile shughuli ya kuongeza sauti wakiongea na kupunguza wakipigana. Mwenye maandishi hana shida hiyo. Anaweka sauti pale muziki unapokaa vizuri, anaacha.

Inamfaa nani: anayetazama peke yake au na mwenzake mmoja, anayesoma haraka bila kujisumbua, na anayependa filamu ambazo muziki au ukimya ndio unaosimulia.

FILAMU ILIYOINGIZWA SAUTI ZA KISWAHILI

Kwetu njia hii ilipata umaarufu mkubwa mwaka 2011, TBC iliporusha tamthilia ya Kichina kuhusu Mao Doudou na mama mkwe wake, wahusika wote wakisema Kiswahili. Iligusa watu kiasi kwamba Rais Xi Jinping wa China aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Baada ya hapo StarTimes ikafanya mashindano ya kusaka sauti nchini Tanzania na kupeleka washindi Beijing kuifanya kazi hiyo. Azam TV nayo imewazoesha watu masultani wa Kituruki wanaokoromeana kwa Kiswahili fasaha.

Muziki. Kuna siri ya kiufundi ambayo ukiijua hutasikiliza tena kama zamani. Filamu inayotarajiwa kuuzwa nchi nyingine huandaliwa kanda ya pili yenye muziki na sauti za vitu peke yake, maneno yakiwa yametolewa. Wenye kuingiza sauti wakipewa kanda hiyo, muziki unabaki mzima kabisa; wanaweka maneno mapya mahali pa yale ya zamani na hakuna kingine kinachoguswa. Wasipopewa, kazi inakuwa ya kubahatisha: wanashusha sauti yote mtu anapofungua mdomo, au wanapachika muziki wa kwao. Kipimo chake ni rahisi. Sikiliza tukio la sokoni au barabarani. Kama kelele za mtaa zinazimika kila mtu anapoanza kusema na kurudi akinyamaza, ujue kanda ile haikuwepo. Kama mtaa unaendelea na shughuli zake nyuma ya maneno, uko mikono salama.

Nyimbo ni kisa kingine. Aghalabu haziguswi. Binti amesema Kiswahili kwa dakika ishirini, ghafla anaimba lugha yake kwa sauti ya mtu mwingine. Mwenye filamu za Kihindi hatashangaa, maana hata kwenye asilia anayeimba si yule anayeongea.

Sauti za watu. Mdomo wa mwigizaji ndio unaoamuru. Mzungu akisema "No" mdomo unafunguka mara moja; sisi tunasema "Hapana", silabi tatu, na mtia sauti lazima azibane humo. Ndiyo maana wakati mwingine mnasikia watu wanaongea kama wanakimbizwa, kisha wanasita mahali pasipo na sababu. Tatizo langu mimi lakini ni jingine: Kiswahili chenyewe. Jambazi wa bandarini anazungumza kama msomaji wa taarifa ya habari ya saa mbili. Mwenzake anamjibu kwa ngeli zote zimepangwa. Mtaani hakuna jambazi anayesema "laiti ungalinieleza mapema." Na pale studio inapotumia watu watano kwa wahusika thelathini, sikio linaanza kumtambua muuza samaki ndani ya koo la waziri mkuu.

Hata hivyo kazi ikifanywa vizuri ina kitu ambacho maandishi hayana. Mama amelia mara ngapi kwa zile za Kituruki sijui, lakini kwa maandishi sijamwona akilia hata mara moja. Neno "mwanangu" likitamkwa na mtu anayejua kulitamka linakwenda moja kwa moja mahali pake. Halisomwi.

Ukimya na visauti vidogo. Panapokuwa na ile kanda ya pili, nyayo na milango vipo, kwa sababu mafundi huzirekodi upya studio ili zisipotee pamoja na maneno. Kinachopotea ni mahali. Mtu yuko pangoni, kavaa dirii, kalowa mvua, na sauti yake ni ya chumba kikavu chenye magodoro ukutani. Fundi mzuri huongeza mwangwi kidogo. Fundi mwenye haraka huacha.

Macho. Huru kabisa, hadi kupitiliza. Mama anachambua mchele, anainua kichwa kwenye ugomvi tu, na hadithi haimpiti. Tamthilia inageuka mchezo wa redio wenye picha. Kwa bibi ambaye macho hayaoni maandishi madogo, na kwa mtoto ambaye bado anaunganisha silabi, hakuna mjadala.

Chumba na spika. Inataka maneno yasikike, na hapa adui ni sabufa. Wengi wetu tunazinunua kwa mdundo, tunazungusha besi hadi mwisho, halafu tunalalamika kwamba waliotia sauti wanamumunya. Shusha besi, pandisha kidogo kitufe cha sauti nyembamba, na weka TV itoe sauti ya stirio ya kawaida badala ya ile ya spika nyingi ambazo huna. Utashangaa maneno yalikuwepo siku zote.

Inamfaa nani: familia yenye rika mchanganyiko, anayetazama huku mikono ina kazi, na mpenzi wa tamthilia ndefu za majumbani ambazo maneno ndiyo yanayopigana.

YA KUTAFSIRIWA NA DJ

Wako wanaoidharau, na wengi wao hawajawahi kukaa bandani. Lufufu ni miongoni mwa waliofungua njia Dar es Salaam enzi za kanda na deki, hata leo kuna wanaoita aina nzima ya filamu hizi kwa jina lake. DJ Mack akafuata. Kenya wana DJ Afro. Uganda wana maVJ, ndio madijei wao, kwa Kiganda, VJ Jingo akiwa jina kubwa. Si jambo la Afrika Mashariki pekee pia: Japani, enzi za filamu bubu, walikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, waliosimama kando ya pazia wakisema maneno ya kila mhusika, na baadhi yao walikuwa na mashabiki kuliko waigizaji wenyewe.

Muziki. Tuseme ukweli, hapa unaumia. DJ hapewi kanda ya muziki peke yake; anachukua filamu iliyokwisha kuchanganywa, anaweka maikrofoni juu yake, na anaposema anaishusha yote. Fidla za Herrmann na mlipuko wa gari vinashuka pamoja kama ndoo kisimani, vinapanda akivuta pumzi. Muziki unaojengwa polepole kwa dakika tatu hauwezi kufika. Kinachofika ni vipande.

Lakini sikiliza DJ mwenyewe. Anapanda na kushuka, anakimbia kwenye mapigano, anaburuza neno la mwisho adui anapokaribia. Yeye ndiye muziki. Kazi iliyokuwa ya mtunzi, ya kukwambia sasa ogopa, sasa cheka, ameichukua yeye, na kwa filamu nyingi za mapigano ambazo muziki wake ni kelele tu za kujaza pengo, sioni tulichopoteza.

Sauti za watu. Zote ni za mtu mmoja. Bibi harusi, jenerali na mbwa. Ila huyo mtu mmoja anasema Kiswahili cha watu, au Sheng, wahusika wanapewa majina ya mtaani, na adui anatukanwa kwa niaba yetu. Tafsiri yenyewe huwa na uhuru mkubwa. Kuna filamu nilizozirudia kwa maandishi nikagundua yule niliyeambiwa ni shemeji wa steringi alikuwa mpelelezi aliyetumwa kumuua.

Ukimya na visauti vidogo. Havipo. Ukimya kwa DJ ni kama shimo barabarani, lazima afukie. Filamu ya kutisha inayotegemea kusikiliza, iweke kando.

Macho. Huru, na zaidi ya hapo yanaelekezwa. "Mtazame yule wa nyuma" ni msaada ambao mtengeneza filamu hakuupanga, na mara nyingine ni msaada kweli.

Chumba na spika. Hapa ndipo njia hii inapowashinda wenzake wote kwa mbali. Sauti ya DJ ilizaliwa chini ya bati, mvua ikinyesha, jenereta likinguruma nje ya ukuta, watu mia wamebanana kwenye mabenchi. Muziki laini usingepenya hata dakika moja. Ukali wake, kasi yake, kutonyamaza kwake, vyote ni jibu la mahali pale. Ndiyo sababu inakwenda vizuri hata leo kwenye basi la usiku, saluni, na simu ya spika moja yenye ufa. Ndiyo sababu pia inachosha ukiwa peke yako sebuleni kimya saa sita usiku. Mtu anapiga kelele kwenye chumba kisichohitaji kelele.

Na kuna pahali ambapo DJ si mgeni juu ya filamu. Who Killed Captain Alex, iliyotengenezwa na Isaac Nabwana huko Wakaliga, Kampala, mwaka 2010, imejulikana duniani pamoja na sauti ya VJ Emmie, anayeichekesha, anayeisifia na anayeitangaza filamu ile ile anayoisimulia. Toleo lisilo na sauti yake limepotea. Huwezi kuomba asilia. Asilia ndiyo hiyo.

La haki miliki nalo liguswe. Nyingi ya filamu hizi hutafsiriwa bila idhini ya wenye nazo. Wa kulipima hilo ni wewe mwenyewe, ila usijifanye huoni.

Inamfaa nani: kundi lenye kelele zake, mpenzi wa mapigano na vichekesho, na yeyote ambaye raha yake ya filamu ni kuwa na watu.

SASA CHAGUA KWA HALI YAKO

Kama filamu ni ya kutisha au ya upelelezi, na unaiona mara ya kwanza, chukua asilia na maandishi hata kama kusoma kunakukera. Humo vidokezo vimefichwa kwenye sauti, na njia nyingine mbili zinaweza kuvifukia. Ukiona kusoma kunakushinda, tazama kwa vipande vya nusu saa.

Kama ni katuni na kuna watoto chini ya miaka minane, tafuta iliyoingizwa sauti. Mtoto asiyesoma akipewa maandishi anabaki na picha na muziki tu. Atafurahi, lakini atakuuliza maswali mpaka na wewe usione.

Kama ni tamthilia ya vipindi mia, ya wakwe, urithi na wivu, chagua yenye sauti za Kiswahili. Muziki wa tamthilia hizi unajirudia. Ukishausikia vipindi vitano umeusikia wote, na ukipotea kidogo chini ya maneno hakuna msiba. Fanya tu kile kipimo cha sokoni kwenye kipindi cha kwanza kabla hujajifunga miezi sita.

Kung fu ya zamani, makomandoo, mapanga na magari yanayoruka: DJ, na marafiki wasiopungua wanne. Ukiitazama peke yako unaipunja.

Filamu ya Kihindi yenye nyimbo sita? Hii inanipa shida. Moyo wangu unasema asilia, kwa sababu ya nyimbo. Lakini iliyoingizwa sauti kwa kawaida inaziacha nyimbo salama, kwa hiyo mwenye bibi nyumbani anaweza kupata vyote viwili. Ya DJ ndiyo nisiyoishauri, isipokuwa DJ awe na adabu ya kunyamaza wimbo ukianza. Wapo wenye adabu hiyo. Tafuta wimbo wa kwanza, sikiliza, amua.

Kama unasafiri na simu na una hedifoni nzuri, asilia. Kama huna hedifoni, usiwatese abiria wenzako kwa njia yoyote kati ya hizi. Kama kuna mtu nyumbani asiyesikia vizuri, washa maandishi hata juu ya filamu iliyoingizwa sauti; si lazima uchague moja tu, na TV nyingi zinaruhusu.

Na ukibaki njia panda, chukua filamu moja unayoijua, tafuta dakika tatu ambazo hakuna anayeongea, zitazame kwa kila njia unayoweza kuipata. Usisikilize maneno. Sikiliza kinachobaki kati ya neno na neno. Utajua haraka ni kipi unachokikosa, na kama unakikosa kweli.

Kwetu tumeishia kupeana zamu. Jumapili iliyopita ilikuwa yangu. Nikashusha besi, nikazima feni, nikawaomba wote wanyamaze. Dakika ya hamsini, steringi kaingia kwenye handaki, maji yanadondoka tone moja moja, umeme ukakatika. Tukakaa gizani kama dakika mbili. Kisha mdogo wangu, kumbe alishaiona, akakohoa, akashika chupa ya maji kama maikrofoni, akaanza kuimalizia kwa sauti ya DJ, na mama, asiyetaka muvi za DJ, akamwambia, "Usikimbie, baba. Nieleze vizuri alivyotoka humo handakini."